Kirutubisho, Dawa au Kijalizo? Maoni juu ya Karatasi ya Kopo la Unga wa Protini

Mwalimu mmoja wa michezo katika shule ya sekondari ametuletea kopo tupu la unga wa protini, la aina ile iuzwayo siku hizi katika maduka ya mijini na katika kumbi za mazoezi. Ubavuni mwa kopo hilo imebandikwa karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Wanafunzi wake, waliokuwa wakijitayarisha kwa mashindano, walichangishana fedha wakalinunua, wakawa wanakunywa unga huo kila jioni baada ya mazoezi. Wawili miongoni mwao wakaacha kula chakula cha usiku kwa kuwa karatasi iliwaambia kwamba wamekwisha kupata mlo. Mwalimu hakutuuliza kama unga huo ni mzuri au mbaya. Alituuliza jambo moja tu: kitu hiki, kwa Kiswahili, ni chakula au ni dawa?

Tumeisoma karatasi yote, nasi twaona swali lake ni la haki, kwani aliyeifasiri hakulijibu. Amekiita kitu kimoja kwa majina matatu, na kila jina linampeleka msomaji njia yake. Juu kabisa ni "kirutubisho". Katikati ni "dawa ya kutunisha misuli". Chini, penye maelekezo ya matumizi, ni "mlo". Hatumtaji mfasiri wala mwagizaji wa bidhaa, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu, na kwa kweli sarufi ya karatasi hiyo ni safi kuliko ya nyaraka nyingi zipitazo mezani petu. Kasoro yake ni ya istilahi, na istilahi ndiyo iliyowalaza vijana wawili na njaa.

Tuanze na kirutubisho, maana hilo ndilo jina lililoenea. Asili yake ni rutuba, sifa ya ardhi iliyo njema kwa mazao, na kurutubisha ni kuitia ardhi sifa hiyo. Neno likahamia katika lishe, na huko limezaa matunda mema: tunacho kirutubishi, yaani kile kilichomo ndani ya chakula chenyewe na ambacho mwili hukihitaji, na tunao urutubishaji, yaani kukitia chakula kile kilichopungua, kama vile chumvi kutiwa madini joto. Katika zahanati zetu mama mjamzito hupewa vidonge vya madini chuma, na mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A. Hivi navyo watumishi wa afya huviita virutubisho vya nyongeza. Hapo neno linafaa kwa sababu upungufu unajulikana, umepimwa, na kinachotolewa kinaujibu.

Sasa neno lilo hilo linapobandikwa juu ya kopo la dukani, laenda na heshima yote liliyoipata zahanati. Mama aliyeambiwa na mkunga kwamba virutubisho ni vya lazima atamwonaje mwanawe anayeomba fedha za kirutubisho? Atampa, na pengine atazipunguza za maharage. Mfasiri hakukusudia hila; lakini jina linalosifu kabla ya kueleza ni tangazo, na kazi ya istilahi si kutangaza. Si ajabu kwamba jambo hili limeingia katika uwanja huu, kwani hata neno protini lenyewe lilizaliwa likiwa sifa. Mwaka 1838 mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, alimpendekezea mwenzake wa Uholanzi, Gerardus Mulder, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kilicho cha kwanza, cha mbele. Sisi tulikuwa na utomwili, neno la kupendeza ambalo bado limo katika kamusi lakini sokoni halimo. Hatulililii sana. Uto ni mafuta yatokayo katika nyama au katika mbegu, na msomaji mgeni angeweza kudhani utomwili ni shahamu. Protini imeshinda, na iachwe na ushindi wake.

Jina la pili, dawa, ni baya zaidi, ingawa ndilo wanalolitumia vijana wenyewe wanapozungumza juu ya "dawa za kujenga mwili". Katika mazungumzo ya ukumbini neno hilo linachanganya vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa katika kapu moja: unga wa maziwa uliokaushwa, na homoni za kutengenezwa ambazo zimepigwa marufuku michezoni na ambazo huharibu ini, moyo na uzazi. Mwenye kuliogopa la pili atalikimbia la kwanza bila sababu. Na mwenye kulizoea la kwanza hatashtuka akiletewa la pili, madhali yote ni dawa. Tena mpaka baina ya vitu hivyo haukuwa imara hata viwandani. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za aina hii zilizonunuliwa katika nchi 13 mnamo miaka ya 2000 na 2001, bidhaa ambazo hazikuandikwa kuwa na homoni yoyote. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, bidhaa 94 zilikutwa na viasili vya homoni visivyotajwa kwenye makopo yake. Mwanamichezo anayekutwa na kitu hicho mwilini huwajibika yeye mwenyewe kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, hata kama aliingiziwa bila kujua. Hivyo mfasiri anayeandika "dawa" juu ya kopo la unga wa maziwa anaifuta tofauti ambayo kijana anaihitaji ili alinde mwili wake na jina lake.

Kopo hili limetoka Marekani, na huko jambo la jina lilikwisha kuamuliwa kwa sheria mwaka 1994. Sheria hiyo yasema kwamba bidhaa za namna hii zimekusudiwa kujaliza chakula cha mtu, na kwamba haziruhusiwi kuonyeshwa kama chakula cha kawaida wala kama kitu pekee cha mlo. Kadhalika, haimlazimu mtengenezaji kupata kwanza kibali cha serikali cha kuthibitisha usalama na manufaa ya bidhaa yake ndipo auze. Lakini akidai kwamba bidhaa yasaidia kazi fulani ya mwili, hana budi kuandika kwamba dai hilo halikupimwa na mamlaka ya chakula na dawa, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo yamo kwenye kopo, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Katika karatasi ya Kiswahili hayamo. Mfasiri aliyeacha sentensi hiyo na kuitia mahali pake "dawa" hakufupisha, amegeuza. Twasema hivi bila kuzunguka, kwa kuwa wako watumishi wa serikali wanaopokea tafsiri kama hizi na kuziidhinisha kwa kuangalia kama Kiswahili chake kinasomeka, bila kuweka asilia kando yake.

Kutokana na sheria hiyo ndipo tunapolipata pendekezo letu, nalo ni kijalizo. Kujaliza ni kukijaza kilichopungua hata kikatimia: mtu hujaliza mtungi uliopungukiwa, wala hajalizi uliojaa. Ndani ya neno mna swali ambalo kirutubisho hakiulizi, yaani: kumepungua nini? Kijana akiambiwa anunue kijalizo cha protini, lugha yenyewe inamtaka kwanza ajue kama ana upungufu. Walimu wa sarufi watatupinga, na tumekwisha kuzisikia sauti zao, kwamba kijalizo ni chao, nacho ni kile kinachokamilisha kitenzi. Tunawaomba wawe wakarimu. Kiungo ni cha mpishi wa pilau, ni cha daktari wa mifupa, na siku hizi ni cha mchezaji wa katikati ya uwanja, wala hatujasikia mtu aliyetia goti katika pilau. Wengine wamependekeza "nyongeza", nalo ni neno jepesi na la kweli; tatizo ni kwamba kila mtu huifurahia nyongeza, hata asiyeihitaji, hasa mwisho wa mwezi.

Je, upungufu upo? Hapa inatupasa kutoka kidogo nje ya kamusi, kwani jina haliwezi kuhukumiwa bila kukijua kitu. Kiwango kilichotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa mtu mzima ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ahitaji basi gramu 50 hivi. Anayefanya mazoezi ya kunyanyua vyuma ahitaji zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 49, ulionyesha kwamba manufaa kwa misuli hukoma kuongezeka penye gramu 1.6 hivi kwa kilo, yaani kama gramu 96 kwa kijana wetu wa kilo 60. Kijiko cha kopo, chenye gramu 30 za unga, kina protini gramu 20 hadi 25. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa gramu 8. Kiganja cha karanga gramu 7 au zaidi. Sahani ya maharage yaliyopikwa, ya gramu 200, yakaribia 18. Na dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Sahani hiyo ya maharage na mayai mawili ya kuchemsha hukishinda kijiko cha kopo. Wako watu ambao unga huwafaa: asiyeweza kutafuna, mwenye safari, mwanamichezo ambaye mahitaji yake ni makubwa kuliko nafasi yake ya kupika. Kwao ni kijalizo kwa maana kamili ya neno. Mwenye maradhi ya figo asiuguse bila ya kumwona daktari. Kwa wanafunzi wa mwalimu wetu, waliouweka unga mahali pa wali na maharage ya bweni, haukujaliza kitu, uliondoa.

Nao waliondoa kwa sababu ya jina la tatu. Karatasi yaandika: "Mlo mmoja: kijiko kimoja." Katika asilia pana neno linalotaja kiasi cha kutumia kwa mara moja, ambacho takwimu zote za kopo hukihesabu. Mlo kwa Kiswahili si kiasi. Ni tukio, lina wakati wake, lina sahani na watu. Aliyepata mlo amekwisha kula. Tungeandika "kipimo kimoja", na tungejihadhari na "dozi", ambayo ingeturudisha kwenye dawa.

Ziko tafsiri nyingine ambazo zimetushangaza. Unga huo, yasema karatasi, "humsaidia mtumiaji kupona haraka". Kupona nini? Mwenye kukimbia mizunguko kumi si mgonjwa. Amechoka, na anachongoja ni kurudiwa na nguvu. "Kupona" hapa kwaungana na "dawa" kule juu, na mazoezi yanageuka maradhi. "Tindikali za amino" tunazikataa kabisa. Tindikali katika masikio ya watu ni ile ya betri ya gari na ya kumwunguza mtu uso, na hakuna atakayeifurahia katika glasi yake. Asidi amino ndilo neno, na linafundishwa. Tunaongeza kwamba ni vema mfasiri azijue asidi hizo zaidi ya jina. Kiasi cha protini katika chakula aghalabu hakipimwi chenyewe: kwa njia iliyobuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883 hupimwa naitrojeni, kisha jumla huzidishwa kwa 6.25. Mwenye hila akitia asidi amino ya bei rahisi, au kitu kingine chochote chenye naitrojeni, hesabu hupanda bila protini kupanda. Huko China, mwaka 2008, maziwa yalitiwa melamini kwa hila hiyo hiyo. Watoto karibu 300,000 waliugua na sita walikufa. Kwa hiyo mfasiri akikuta kwenye kopo orodha ya protini na orodha ya asidi amino zilizoongezwa, asiziunganishe kwa kuona kwamba yote ni mamoja. Mnunuzi ana haki ya kuziona mbili.

Halafu kuna "dirisha la dhahabu la dakika thelathini", ambalo vijana walilichukua kwa uzito mkubwa hata wakawa wanakimbia kutoka uwanjani kwenda bwenini na kopo mkononi. Dirisha la namna hiyo si la Kiswahili. Sisi husema wakati wa kitu, au nafasi yake, na kama mfasiri angesema "yafaa inywewe katika nusu saa baada ya mazoezi", maneno yangeonekana kuwa ni ushauri unaoweza kuulizwa, si mlango unaofungwa. Na ushauri wenyewe umekwisha kuulizwa. Mwaka 2013 watafiti watatu, Schoenfeld, Aragon na Krieger, walikusanya majaribio juu ya jambo hilo wakakuta kwamba kinachohesabika zaidi ni jumla ya protini ya siku nzima kuliko saa ya kuila. Na yajulikana kwamba baada ya mazoezi ya vyuma misuli hubaki tayari kuipokea protini kwa muda wa siku nzima au zaidi. Chakula cha usiku cha bweni kilikuwa bado ndani ya wakati.

Kuhusu misuli hatuna la kusema isipokuwa kwamba neno hilo lina bahati mbaya. Msuli ni nguo ajifungayo mwanamume kiunoni akiwa nyumbani, na kwa wanafunzi wetu ni kusoma usiku kucha. Palipo na hatari ya kuchanganya, mnofu husaidia: karatasi imeandika "uzito mwembamba wa mwili" mahali ambapo ilitakiwa kusema "mnofu", yaani nyama isiyo mafuta wala mfupa. Kila mwenye bucha analijua neno hili, na tunashangaa jinsi wafasiri wanavyolikimbia.

Mwisho wa karatasi wanunuzi wanashauriwa wale "vitafunwa vyenye protini", na wanatangaziwa "baa za protini" za kiwanda hicho hicho. Kitafunwa kwa wasomaji wetu wengi ni kile kiendacho na chai, yaani andazi, kitumbua au chapati, na mwalimu atuambia kwamba ndivyo walivyoelewa vijana: waliongeza maandazi. Kwa kitu kidogo kiliwacho kuituliza njaa kabla ya chakula chenyewe tunalo neno asusa, nalo halimfungi mtu kwenye kikombe cha chai. Asusa ya baada ya mazoezi, katika miji yetu, imekuwa ikipita barabarani siku zote kichwani mwa mchuuzi: mayai ya kuchemsha na kachumbari yake, karanga katika karatasi iliyosokotwa. Tungependa mfasiri ayaone hayo anapotafuta mifano, badala ya kuunakili mfano wa siagi ya lozi kutoka upande wa pili wa dunia.

Ama baa, tunaomba iondolewe. Baa ni msiba ulioenea, kama baa la njaa na baa la nzige, na kwa matamshi ya sasa ni mahali pa kunywea pombe. Kijana aliyetoka mazoezini hatakiwi kupelekwa kwa lolote kati ya hayo. Mmoja wetu alipendekeza mche, ila harufu ya sabuni ilimshinda hata yeye. Kitu chenyewe ni nini? Ni karanga au maziwa yaliyokaushwa, yaliyoshikanishwa kwa kitu kitamu, yakakatwa vipande vya kushika mkononi. Pwani nzima huliita umbo hilo kashata, na kashata ya karanga ni ya namna hiyo hiyo tangu kabla ya makopo kuja. Tunapendekeza kashata ya protini, na hatuoni haya.

Limebaki neno moja ambalo hatujalimaliza. Unga wa kopo hili umetokana na yale maji ya rangi ya kijanikibichi hafifu yanayojitenga maziwa yanapogandishwa kwa ajili ya jibini. Humo mna kama sehemu moja katika tano ya protini ya maziwa, na nne zilizosalia ni kaseini, ambayo ndiyo jibini yenyewe. Karatasi imeandika "wei", kwa kufuata sauti ya Kiingereza, na kuongeza "wei iliyokolezwa" na "wei iliyotengwa". Hayo mawili ya mwisho ni mazuri sana, na tunampongeza mfasiri: iliyokolezwa ni ile iliyoongezwa protini lakini ingali na sukari ya maziwa na mafuta kiasi, na iliyotengwa ni ile ambayo protini yake hufika asilimia 90 au zaidi. Lakini wei halimwambii kitu mtu asiyejua Kiingereza, na "protini ya maji ya maziwa", ambayo tumeiandika kwa muda katika nakala tuliyomrudishia mwalimu, yaweza kufahamika kuwa ni maziwa yaliyotiwa maji, kosa ambalo watu hushtakiwa kwalo. Wafugaji wetu huyaona maji hayo kila siku katika vibuyu. Wasomaji walio karibu nao, na wale walio karibu na watengeneza jibini, tunawaomba watuandikie yanaitwaje huko waliko, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali hapo, pamoja na maelezo ya namna yanavyotumiwa, kabla orodha ya istilahi za vyakula haijapelekwa kamatini.